Dimbwi Linalotembea

Punje za alfajiri ziligoma kutawanyika.

Subilaga Mwakalinga aliliona jambo hilo kabla hajavua koti. Kila siku, jua likikaribia kuchomoza, mabomba yaliyopangwa kwenye mgongo wa mlima Nsoho yalirusha punje hewani juu ya bonde. Zilikuwa nyepesi kama pumba za mpunga, zimetengenezwa kwa wanga, na kila moja ilibeba kijiredio kidogo kama chembe ya chumvi. Punje haikujua kupima joto wala sumu. Ilijua kusema neno moja tu: nipo hapa. Baada ya kitambo: sasa nipo hapa. Ikifika jioni zilikuwa zimelowa na kuoza, na watu wa bondeni walizifagia uani pamoja na majani makavu.

Kwa kawaida zile zilizorushwa juu ya korongo zilitengana upesi, kama watu wanaotoka uwanjani baada ya mechi. Asubuhi hii zilikuwa bado pamoja. Zilizoanza zikiwa majirani zilibaki majirani. Kundi zima lilijizungusha polepole kwenye kioo kikubwa cha mashine ukutani, na huku likijizungusha lilikuwa linashuka kuelekea kusini.

"Ipyana," aliita, "hizi ziko hivi tangu lini?"

Ipyana, msimamizi wa mapangaboi, alikuwa ameegemeza shavu kwenye kiganja. Yeye na Subilaga walikuwa wawili tu waliobaki katika Chumba cha Mikondo. Wengine walikwisha kuomba uhamisho, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeletwa badala yao.

"Tangu nilipozirusha, Dada. Nikadhani mashine imekwama."

"Haijakwama."

Akaketi. Macho yalimuwasha. Wiki nzima alikuwa akilala vipande vipande, nusu kwenye kiti cha wodini kwa mama yake, nusu kwenye kochi la ofisini, na sasa usingizi wenyewe ulikuwa kama kazi nyingine iliyokuwa ikimsubiri.

Watu wa bonde hilo walikuwa wakiishi na korongo tangu ardhi ilipopasuka. Mpasuko ulitoa mvuke, na mvuke uliwapa umeme. Mji wa Lusyeto ulikua juu ya umeme huo, ukapata viwanda vya chai, ukapata hospitali. Lakini mpasuko huohuo ulitoa hewa nzito, isiyo na rangi wala harufu. Usiku, upepo ulipotulia, ilijaa korongoni kama maji yanavyojaa kwenye karai. Taa ikiingia humo ilizimika. Mtu akiingia, naye hivyohivyo. Ndiyo maana yalijengwa mapangaboi: safu ya minara yenye mabawa marefu kuliko nyumba, yakivuma mchana na usiku kuisukuma hewa ile mbali na mji, kuelekea kusini, ambako ilitakiwa ichanganyike na upepo wa msituni na kuisha nguvu.

Kabla ya msitu, upande huohuo wa kusini, palikuwa na kata ya Ikomelo.

Subilaga aliiamuru mashine ichore kuta. Hii ndiyo kazi aliyoileta yeye kwenye chumba kile, na ndiyo iliyomzeesha. Mashine ilichukua punje mbilimbili, zilizorushwa bega kwa bega, ikauliza: baada ya muda, mko wapi? Kama moja ilikuwa mashariki na mwenzake magharibi, basi kati yao palipita ukuta. Si ukuta wa matofali. Haukuonekana, haukushikika, nao ulitembea na kujipinda. Lakini hewa ya upande huu haikuvuka kwenda upande ule. Mtu aliyejua kuta zilipo alijua sumu itafika wapi na itaishia wapi, hata kama upepo ulibadilika kila dakika.

Siku nyingi kuta zilitokea zikiwa zimekatikakatika, kama ua wa nyumba isiyo na mwenyewe. Leo mstari mwekundu ulianza kaskazini mwa korongo, ukazunguka, ukarudi ukaunganika na mwanzo wake.

"Umejifunga," Ipyana alisema. Sasa alikuwa amesimama.

Ndani ya mstari ule kulikuwa na pumzi yote ya korongo ya usiku kucha. Dimbwi zima, limejifunika lenyewe, linatembea.

"Piga king'ora cha Ikomelo," Subilaga alisema. "Kisha mpigie Mkurugenzi."

*

Bwana Mwaisumo, Mkurugenzi wa Hewa ya Bonde, alifika akiwa na kikombe cha chai ya rangi mkononi. Alikuwa mtu mpole aliyebakiza muda mchache astaafu, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa akiuhesabu muda huo. Hakuutazama ule mstari mwekundu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo cha pili, kilichoonyesha kile ambacho sheria ya bonde iliita Picha: mishale midogo ya upepo kama ulivyokuwa wakati huo, na kila mahali ambapo mishale ilizunguka, mashine iliweka duara la njano. Duara likitokea, sheria iliruhusu mapangaboi yazimwe au yageuzwe.

Hapakuwa na duara hata moja.

"Mishale yote inaelekea kusini," alisema. "Mzunguko uko wapi, Subilaga?"

"Uko hapo hapo, Mkurugenzi. Unatembea, ndiyo maana huuoni."

"Juzi uliniambia hivi hivi."

"Juzi ukuta ulipasuka njiani."

"Na jana?"

"Na jana."

"Basi na leo utapasuka." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayeomba.

Subilaga alinyoosha mkono. "Naomba hicho kikombe."

Alikichukua, akakikoroga kwa kalamu. Majani ya chai yaliyokuwa yakielea yakaanza kuzunguka. "Unauona mzunguko?"

"Nauona."

Akakisukuma kikombe juu ya meza, mbio, kutoka upande wake hadi upande wa Ipyana, aliyekidaka. "Na sasa hivi kilipokuwa kinakwenda?"

"Nimeona kikombe kinakwenda."

"Kila jani lilikuwa linakwenda kwa Ipyana. La upande mmoja haraka zaidi, la upande mwingine polepole, lakini yote kwake. Ungepiga picha wakati ule, mishale yote ingeelekea upande mmoja, kama hii yako. Lakini chai haikuacha kuzunguka. Picha inamwona anayezunguka akiwa amesimama. Anayezunguka huku anatembea, haimwoni. Mapangaboi yetu ndiyo yanayolitembeza. Kwa hiyo kadiri tunavyolisukuma vizuri, ndivyo Picha inavyozidi kutuambia kwamba hakuna kitu."

Mwaisumo aliyatazama majani ya chai mpaka yaliposimama.

"Vipimo vya sumu vya korongoni vinasemaje?"

"Vimeliwa na kutu," Ipyana alijibu. "Tuliomba vingine tangu masika ya mwaka juzi."

"Na vya Ikomelo?"

"Vinasema hewa safi," Subilaga alisema. "Bado halijafika."

Simu ya mezani ililia. Alikuwa Bi Tumpe, mtendaji wa kata ya Ikomelo. Subilaga aliweka sauti ili wote wasikie.

"Ndaga, Injinia," Bi Tumpe alisalimia. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye usingizi. "King'ora chenu tumekisikia."

"Watu wanapanda?"

"Hawapandi. Wako vitandani. Juzi tulipanda kilimani na wagonjwa migongoni, tukakaa na baridi mpaka jua likawa kali, hakuna kitu. Jana tukapanda tena. Mtoto wa Mwasomola akateleza akavunjika mguu, hakuna kitu. Leo nimegonga milango, wananiambia, panda wewe."

"Nawe unapanda?"

Kwa mbali, kwenye simu, jogoo aliwika.

"Nimechoka, dada yangu," Bi Tumpe alisema. "Tuache leo tulale." Akakata.

*

Palikuwa na jambo moja la kufanya, na wote watatu walilijua. Mapangaboi yakizimwa wakati huu, jua likianza kugusa miteremko, upepo wa asubuhi ungepanda kutoka pande zote, ungelivuta dimbwi huku na huku, na ukuta wake ungekatika. Hewa nzito ingechanganyika na hewa nyingine. Isingeweza tena kuua mtu kitandani mwake. Lakini isingetoweka, nusu yake ingerudi ilikotoka, juu ya Lusyeto.

"Kwa wingi gani?" Mwaisumo aliuliza.

"Watu wataumwa vichwa. Watahema. Wenye mapafu mabovu watapata shida kubwa, kama wako chini. Wakiwa ghorofani, sehemu kubwa itapita chini yao."

"Mama yako si yuko hospitali?"

"Yuko. Wodi ya chini."

Mwaisumo alilisogelea dirisha. Kule chini mji ulikuwa unaanza kuamka. Moshi wa majiko ulipanda na kulala upande wa kusini, kama ulivyolala kila siku ya maisha ya watoto wa pale.

"Nikikwambia uzime," alisema, "na hilo lako likawa kama la juzi, nimewatia sumu watu wa mji mzima kwa ajili ya mstari mwekundu ambao sheria haiutambui. Nikikwambia usizime... Natoka kidogo. Napiga simu."

Simu ilikuwa mezani. Subilaga na Ipyana walisikia hatua zake zikishuka ngazi, kisha mlango wa nje.

Subilaga hakumkasirikia. Hasira ilihitaji nguvu. Alifikiria watu wa Ikomelo, ambao hakuna aliyewaomba ruhusa siku mapangaboi yalipojengwa, na watu wa Lusyeto, ambao hakuna angewaomba ruhusa leo yakizimwa. Kama angeacha yaendelee kuvuma, watu wangekufa kwa sababu ya kitu kilichokuwa kikienda chenyewe, kazi ya kila siku, na hakuna ambaye angemuuliza neno. Kama angezima, lolote litakalotokea mjini lingekuwa limetoka mkononi mwake. Na ukuta ungeweza kupasuka wenyewe njiani. Hilo nalo lilikuwa kweli. Alilitazama lile kundi la punje likipita daraja la zamani, likiwa zima, halijapoteza hata moja, na akajua kwamba haamini ukuta utapasuka.

Alipiga simu hospitali. Alipokea Sista Lugano, mkuu wa wauguzi wa zamu.

"Wote ghorofani?" Sista Lugano alisema. "Injinia, lifti ilikufa tangu Pasaka."

"Wabebwe. Fungeni madirisha ya chini. Nawapa muda, lakini si mwingi."

"Kuna nini?"

"Nitazima mapangaboi."

Sista Lugano hakuuliza kwa nini. Huenda hakuwa na nafasi ya kusikia jibu. "Na mama yako? Nimwambie nini?"

"Mwambie apande."

Ving'ora vya Lusyeto vililia. Mji haukuwa umechoshwa navyo bado; kwenye kamera watu walionekana wakipanda maghorofa ya soko, wakibeba watoto na redio, wengine na sufuria za uji. Subilaga alingoja. Alingoja mpaka ukingo wa mbele wa dimbwi ulipofika kwenye mashamba ya mwisho ya chai, mahali ambapo kungoja zaidi kungekuwa sawa na kukataa.

Ipyana alikuwa na mkono kwenye swichi kuu. "Ni wewe unayesema, Dada?"

"Ni mimi."

Mabawa yalipungua mwendo, yakaonekana moja moja, yakasimama. Ukimya ulishuka bondeni. Watoto waliozaliwa baada ya minara kujengwa hawakuwahi kuusikia, na kwenye kamera ya soko walionekana wakiangalia juu, wakitafuta kilichopotea.

Kwa muda hakuna kilichobadilika. Kisha jua likagusa mteremko wa mashariki, na kundi la punje likavutika likawa refu, kama donge la unga chini ya kisukumio. Likakunjika. Likavutika tena. Majirani walianza kuachana. Mstari mwekundu ulitoboka mahali pamoja, kisha pengine, kisha ukawa vipande tu, na punje zikamwagika pande zote za bonde, kama zilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Ipyana alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Limekwisha," alisema.

Subilaga alikuwa tayari anatafuta funguo za gari.

*

Hewa ya mjini ilikuwa inauma kifuani kama baada ya kukimbia. Alikuta wagonjwa wamelazwa kwenye korido ya ghorofa ya pili, kwenye magodoro, mashuka, hata kwenye mabango ya chanjo yaliyotandazwa sakafuni. Mama yake, Tupokigwe, alikuwa ameegemezwa ukutani, mrija wa oksijeni puani. Midomo ilikuwa na rangi mbaya, lakini macho yalikuwa makali.

"Umefika," mama alisema. "Una njaa?"

"Hapana, mama. Unajisikiaje?"

"Kichwa kinagonga. Nimebebwa mgongoni, mwanangu, kama mtoto mchanga. Na yule baba wa mitungi ya oksijeni. Nikamwambia, utavunjika kiuno. Akasema, mama, mimi nabeba vyuma kutwa, wewe ni unyoya." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mtafute umshukuru. Sikumuuliza jina."

Subilaga alimshika mkono mpaka kikohozi kilipotulia. Alipoinua uso, Sista Lugano alikuwa amesimama kwenye mlango wa ngazi, akimwita kwa kidole.

Walisimama ngazini, Sista Lugano akaongea bila kumtazama.

"Anaitwa Asajile Mwambene. Fundi wetu wa oksijeni. Alibeba wagonjwa mpaka wa mwisho. Halafu oksijeni ikaanza kushuka kwenye mabomba, kila mtu anavuta kwa pamoja. Akasema anakwenda kufungua mitungi ya akiba. Mitambo yake iko chini ya jengo. Oksijeni ilirudi. Mama yako anavuta hiyo. Lakini yeye hakurudi. Tumemkuta kwenye ngazi, uso ukiangalia juu."

"Chini ya jengo," Subilaga alirudia.

"Stoo ya chini kabisa. Hukujua kama ipo?"

Hakujua. Miaka yote alikuwa amechora kuta juu ya bonde zima, juu ya misitu na mabonde madogo na mapaa ya watu, na hakuwahi hata mara moja kuuliza hewa inafanya nini ikishapita mlangoni. Punje haziingii chini ya majengo. Hewa ile nyembamba, aliyosema haitaua mtu, ilikuwa imeshuka ngazi moja moja, ikatafuta mahali pa chini, ikajikusanya tena ikawa nzito.

Aliketi kwenye ngazi. Sista Lugano, ambaye alikuwa na korido nzima ya wagonjwa wa kuangalia, aliketi kando yake kwa muda, kisha akainuka akaenda.

*

Kikao cha uchunguzi kilifanyika kesho yake kwenye ukumbi wa halmashauri. Wakili wa bonde alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, na hilo lilifanya maswali yake yawe magumu zaidi.

"Kuna mtu yeyote Ikomelo aliyefariki asubuhi ile?"

"Hapana."

"Aliyeugua?"

"Hapana."

"Mifugo?"

"Yote mizima."

"Na Lusyeto?"

"Mmoja."

"Picha ya upepo haikuonyesha mzunguko wowote?"

"Haikuonyesha."

"Kwa njia yako mwenyewe, basi. Ulikuwa na uhakika kiasi gani?"

Subilaga alifikiri. Angeweza kuwaeleza habari za kikombe cha chai. Alikwisha kuwaeleza watu wengi habari hizo, na walitikisa vichwa wakasema ni mfano mzuri.

"Wa kutosha kuzima," alisema. "Hautoshi kuapa."

Bwana Mwaisumo aliulizwa, akasema kweli tupu: alikuwa ametoka kupiga simu. Alipopita karibu na kiti cha Subilaga alisita, kisha akaendelea na safari yake. Alionekana amezeeka.

Subilaga alisimamishwa kazi mpaka hapo litakapotolewa neno jingine. Nje ya ukumbi Ipyana alikuwa anamngoja, mikono mfukoni.

"Nimerudia hesabu, Dada. Punje zilezile, upepo uleule, ila mapangaboi nimeyaacha yanavuma. Linafika Ikomelo."

"Likiwa zima?"

"Zima. Linakaa juu yao kama kifuniko mpaka karibu mchana."

"Umewaonyesha?"

"Nimewaonyesha. Wamesema hiyo ni hesabu, si tukio."

Walicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, kisha wakaagana. Subilaga aligundua kwamba alikuwa ametegemea kujua hilo kungempunguzia kitu. Halikupunguza. Ikomelo walikuwa hai kwa hesabu, na Asajile Mwambene alikuwa amekufa kweli.

*

Alikwenda msibani siku ya tatu, watu walipokuwa wamepungua. Shemeji wa marehemu, mwanamume mrefu aliyekuwa akipanga viti, alimtambua akasimama katikati ya mlango.

"Wewe hapa hapana," alisema.

"Mwache apite," sauti ilisema kutoka uani.

Atuganile, mjane wa Asajile, alikuwa ameketi kwenye kigoda, akimenya ndizi mbichi kwa kisu kifupi na kuzitupia kwenye beseni la maji. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Hakuacha kumenya.

"Kaa."

Subilaga aliketi kwenye mkeka. "Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Wewe ndiye uliyezima?"

"Ndiyo. Mimi."

"Ulijua kuna mtu kule chini?"

"Sikujua. Sikuuliza. Nilipaswa kuuliza."

Kisu kiliendelea. "Ungejua, ungefanya nini?"

"Ningepiga simu wamwambie atoke."

"Asingetoka. Mitungi ikilia, Asajile hatoki. Hata hapa nyumbani, ikipigwa simu ya mitungi, anaacha chakula mezani." Alitupa ndizi, maji yakaruka. "Nakuuliza hivi. Ungejua kwamba yuko chini na hatoki. Ungezima?"

Shemeji alikuwa ameacha kupanga viti. Subilaga alitazama beseni, ndizi zikielea, zikigongana polepole. Alikuwa amejiuliza swali hilo kila usiku tangu asubuhi ile, na kila usiku alikuwa ameligeuza upande ili asilione usoni. Hapa hapakuwa na mahali pa kuligeuzia.

"Ningezima," alisema.

Atuganile aliacha kumenya. Alimtazama kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu, na haikuwa rahisi kutazamwa hivyo.

"Afadhali wewe umesema," alisema hatimaye. "Wengine wote wanakuja hapa kuniambia ilikuwa ajali. Bomba, sijui upepo, sijui mipango ya Mungu. Kama vile alijikwaa." Alijifuta macho kwa kiwiko, kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu. "Sikusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Lakini umesema."

"Ndiyo, mama."

"Hao watu wa huko Ikomelo. Wanamjua?"

"Hawamjui. Hawajui hata kama kulikuwa na kitu. Walikuwa wamelala."

"Wanalala tu."

"Wanalala."

Atuganile aliokota ndizi nyingine, akaishika bila kuimenya.

"Nenda ukawaambie," alisema. "Habari za punje zako mimi sizielewi, na wao hawatazielewa. Waambie anaitwa nani."

*

Barabara ya Ikomelo ilipita kwenye mashamba ya chai, kisha ikawa ya vumbi. Subilaga aliacha gari kwenye daraja, akatembea. Mapangaboi yalikuwa yamewashwa tena tangu siku ileile, na mvumo wake ulimfuata mgongoni. Alipofika kwenye nyumba za kwanza watu walimtambua kwa koti la idara ambalo hakukumbuka kulivua.

"Huyo ndiye wa ving'ora," mtu mmoja alisema kutoka barazani. "Leo tupande wapi, mama? Juu ya miti?"

Wenzake walicheka. Hakuwajibu. Aliuliza nyumba ya mtendaji, akaelekezwa.

Bi Tumpe alikuwa anaanua maharage juani. Alikuwa mwanamke mnene, mdogo kuliko sauti yake. Alimkaribisha bila furaha, akamwuliza za nyumbani, za mgonjwa, za safari, na Subilaga akajibu zote, kwa sababu ndivyo ilivyopasa. Kisha akamweleza. Alieleza vibaya, alianza katikati, akarudi nyuma, akasahau lifti, akairudia. Aliposema jina aliona amelisema kwa sauti ya chini mno, akalisema tena.

Bi Tumpe alikuwa amekaa na ungo magotini, maharage yametulia.

"Siku ile baada ya kukupigia simu," alisema, "nilirudi kitandani. Nikajifunika mpaka kichwani. Nikasema, huyu mwanamke aache kutusumbua. Tulilala vizuri siku ile. Nakumbuka. Kulikuwa na kaubaridi."

"Ndiyo."

"Una hakika lingefika?"

"Siwezi kukuonyesha. Naamini lingefika."

Bi Tumpe alichambua maharage mawili matatu mabovu, akayatupa. Kuku walikimbilia.

"Ameacha watoto?"

"Wawili. Mkubwa yuko sekondari."

"Na mke?"

"Mke yupo. Ndiye aliyenituma."

Bi Tumpe aliweka ungo chini. Aliinuka kwa shida, mkono kiunoni, akaenda hadi ukingo wa ua, akaita kwa sauti yake kubwa nyumba ya kwanza, ya pili, na baraza la wale waliokuwa wakicheka. "Hebu njooni hapa. Njooni, nasema. Hapana, si kupanda. Njooni tu."

Walikuja taratibu, wengine wakinung'unika, wengine wakikausha mikono kwenye kanga, mwanamume mmoja na mswaki mdomoni. Walisimama kuzunguka maharage. Mtoto wa Mwasomola aliletwa amebebwa, mguu wenye plasta ukining'inia.

"Sema tena," Bi Tumpe alimwambia Subilaga. "Pole pole. Wasikie wote."

Subilaga alikuwa amechoka kusimama. Aliomba kigoda, akapewa, akaketi katikati yao, akaanza na jina.